Sikio la Kulia la Kondoo

Kambi ya Kijito Baridi, mlimani
2 Julai 1971

Kwako Edurne, binti wa kaka yangu na sasa bosi wangu,

Tumefika juu na kundi lote, mimi, mbwa wangu Beltza na wale mbwa wawili weupe wa ulinzi. Nyasi ni nzuri, theluji imebaki kwenye makorongo yenye kivuli tu. Justo atakuletea barua hii akishuka na nyumbu wake. Ukimpa kahawa atakusimulia habari zote za huku, pamoja na zile ambazo hazijatokea.

Nimelifungua sanduku la posho na nimejicheka. Nilidhani msichana aliyesoma mjini Boise atatufungia biskuti na vitambaa vya kujifutia mdomo. Kumbe maharage yamo, vitunguu saumu vimo, soseji nyekundu zimo, hata tumbaku yangu hukuisahau. Na tyubu za dawa umezikata masikio, zile pembe mbili za juu, kama alivyokuwa akizikata marehemu baba yako kwa ajili yetu sisi tusiosoma Kiingereza: iliyokatwa sikio la kulia ni ya jicho lenye jeraha, iliyokatwa la kushoto ni ya kope lililovimba kwa nyuki. Sikujua kama uliwahi kumtazama akifanya hivyo. Kaka yangu Balbino angefurahi.

Kwa kuwa ulisema nikuambie kila kitu, nakuambia: Beltza amevimba jicho la kushoto. Nadhani amekwaruzwa tulipopita kwenye nyasi kavu huko chini, maana analifumba na machozi yanamtiririka. Nimempaka ya sikio la kulia. Ni jambo dogo.

Mkate wa kwanza wa msimu umetoka vizuri. Nimeuchora msalaba kwa kisu kama kawaida na kipande cha kwanza amekula Beltza. Kwa hiyo jicho limevimba, lakini hamu ya kula ipo palepale.

Ami yako,
Eulogio


Gooding
8 Julai 1971

Ami mpendwa,

Nimefurahi mmefika. Justo amekunywa kahawa yote na kunieleza kwamba dubu alikuja kukusalimia. Nimemwambia dubu huyo ana bahati hakukukuta na njaa.

Habari ya Beltza sikuipenda. Ya sikio la kulia ndiyo ningempaka hata mimi, kwa hiyo hapo umefanya sawa. Lakini niambie vizuri: kilichovimba ni kope, au ni jicho lenyewe? Bado analifumba? Amepunguza machozi? Usiniandikie "ni jambo dogo." Baba naye aliniambia ni jambo dogo, na kabla ya Krismasi tulikuwa tumemzika.

Unaijua kanuni aliyoiacha: mbwa wa jicho moja hapandi mlimani. Mbwa wetu Otso alikuwa na jicho moja, akalisukuma kundi upande asioona, na kondoo wakaporomokea korongoni. Na wewe mwenyewe ulisema mbele ya watu, siku ya matanga, kwamba Beltza ndiye mbwa wa mwisho utakayemfundisha, na akishuka yeye nawe unashuka. Sasa unaelewa kwa nini nauliza. Kikizidi chochote, kwake au kwako, nitumie neno nije niwachukue wote wawili.

Nimekuongezea chumvi na viatu vya baba. Vilikuwa vimekaa tu.

Edurne


Kijito Baridi
15 Julai 1971

Edurne mwanangu,

Viatu vimenikaa. Balbino alikuwa na mguu mkubwa kuliko akili, Mungu amrehemu, lakini soksi mbili zimemaliza ubishi.

Uvimbe wa Beltza umeshuka. Baada ya kumpaka siku mbili tatu kope lililala kabisa, na wekundu ukaondoka. Anafanya kazi. Jana alifuata kondoo majike waliotoroka hadi juu ya mwamba akawarudisha wote, nami nimekaa navuta tumbaku. Kwa hiyo hakuna cha kuja kuchukua mtu yeyote. Tuko salama.

Nasikia mna joto huko. Hapa asubuhi ndoo ya maji inaganda juu. Kondoo wamenenepa. Dubu hajarudi, na ukweli ni kwamba hakuwahi kuja; Justo aliona kisiki. Nitumie maharage yale meupe, haya ya rangi yananisumbua usiku. Na nitumie tyubu nyingine ya sikio la kulia, hii inakaribia kwisha.

Ami yako,
Eulogio


Gooding
17 Julai 1971

Ami,

Justo ameingia jikoni, hajavua hata kofia, akaniambia jicho la Beltza limekuwa la buluu kama maziwa yaliyoondolewa malai, na katikati pana shimo. Anasema ulimwapisha asiniambie. Unamwapisha Justo? Ungeenda tu kutangaza kanisani.

Nimekasirika, na nimeona nikuambie wazi badala ya kukupamba kwa salamu. Mficha maradhi kilio humfichua. Nilikuuliza swali kwa barua, ukanijibu habari za maharage.

Nimeendesha gari mpaka kwa Daktari Halvorsen, yule wa mifugo, nikamsimulia yote. Kwanza ameniuliza mlipita kwenye nyasi za aina gani. Nilipomwambia zile kavu zenye masuke ya ndevu, akatikisa kichwa. Anasema suke moja likiingia chini ya ule ukope wa tatu, utando wa ndani alio nao mbwa, linakaa huko na kulikwaruza jicho kila mbwa anapopepesa. Kope linavimba, mchungaji anaona uvimbe na kutibu uvimbe, na mwiba umo ndani bado.

Kwa hiyo fanya hivi leo hii, kabla hujala. Chemsha maji na chumvi kidogo, yapoe. Justo amshike Beltza katikati ya magoti, kichwa kikiwa juu. Lioshe jicho kwa maji mengi, usilisugue. Kisha mfungulie kope kwa kidole gumba, uvute ule ukope wa ndani kwa kitambaa safi na utazame nyuma yake. Ukiona ncha, ishike kwa kibano nilichompa Justo akuletee na uvute polepole kwa kufuata ilivyoingia, isikatikie humo. Mkatie ndoo ya plastiki tundu chini umvishe shingoni, asijikune. Halafu mteremshe na Justo siku hiyohiyo.

Na hapa pana jambo ambalo silielewi, na daktari naye halielewi. Anasema dawa ya jeraha, hata kama mwiba umo, haiwezi kulifanya jicho hivyo. Ile ya uvimbe ndiyo ingefanya: inaushusha uvimbe, mtu anafurahi, kumbe imewafukuza askari wa mwili na jeraha linalila jicho bila kipingamizi. Sasa Ami, ulipaka nini? Au hukupaka kitu, ukaniandikia tu kuniridhisha?

Najua kwa nini umenificha. Umedhani natafuta sababu ya kukushusha mlimani. Sikiliza basi. Tangu baba azikwe, hakuna mwanaume katika bonde hili ambaye hajaniuliza nitauza lini. Wananiuliza hata nikiwa kwenye foleni ya posta. Jibu langu ni moja, kwamba Eulogio yuko juu na kundi. Ukishuka wewe sina jibu. Mimi ndiye ninayetaka ubaki huko kuliko unavyotaka mwenyewe, kwa hiyo acha kunificha kama vile mimi ni mnunuzi.

Justo anarudi alfajiri, hajapumzika. Mpe chakula.

Edurne


Kijito Baridi
20 Julai 1971

Edurne,

Tumefanya kama ulivyoandika, neno kwa neno. Justo alisoma, mimi nikafanya. Suke lilikuwepo. Limelala chini ya ukope wa ndani, refu kama ukucha wangu, na ndevu zake zote zimeshika. Beltza hakuniuma. Alitetemeka mwili mzima na kunitazama kwa lile jicho zima mpaka nikamaliza, kisha akanilamba mkono uliokuwa umemuumiza. Nililia, na Justo atakuambia, kwa hiyo nakuambia mwenyewe kwanza.

Jicho limepasuka usiku ule kabla ya Justo kufika. Halioni tena, hata mimi najua.

Umeuliza nilipaka nini. Nilipaka ya sikio la kushoto. Nilikuwa na haraka, kondoo wanalia, mikono ina matope, nikachukua isiyo yake na sikuangalia tena. Kosa ni langu, na usimsumbue daktari kwa maswali mengine. Tyubu zote nimezitupa motoni, nisije nikarudia.

Nilikuficha, ni kweli. Nilipoliona lile wingu la buluu nilisema kesho litaondoka, kesho yake nikasema tena hivyohivyo. Nilidhani ukisikia "jicho moja" utaniletea kanuni ya Balbino na gari la kunichukua. Sikujua habari za foleni ya posta. Ungeniambia mapema.

Beltza anashuka na Justo, ndani ya kapu juu ya nyumbu mpole, na ndoo yake shingoni. Nina ombi moja tu na silirudii. Wako watu ambao mbwa wa jicho moja humpeleka nyuma ya zizi na bunduki. Asiuawe. Mimi nabaki na kundi, na hao mbwa weupe, na miguu yangu katika viatu vya kaka yangu.

Eulogio


Gooding
27 Julai 1971

Ami,

Daktari Halvorsen amelitoa jicho na kushona kope. Amesema kulibakiza kungekuwa kumwachia maumivu tu. Siku ya kwanza Beltza alijigonga kwenye mlango, kiti na mguu wa jiko, vyote kwa upande wa kushoto. Siku ya pili aligonga kiti tu. Sasa anageuza shingo kabla ya kugeuka mwili, na kiti hakiguswi tena.

Hakuna atakayemuua. Analala jikoni. Jumapili nilioka mkate, nikauchora msalaba na kumpa kipande cha kwanza. Alikishika mdomoni, akaenda nacho mpaka mlango unaoelekea mlimani, akakaa hapo bila kukila. Nilimwacha. Jioni alikila.

Nakupelekea yule mbwa Pinto kwa muda. Ni mdogo lakini ana macho mawili. Kuhusu Beltza kupanda tena, Ami, kanuni ni kanuni. Baba hakuiweka kwa ukatili. Aliwaona kondoo wakianguka mmoja juu ya mwenzake, na hakuwahi kuisahau sauti ya kuanguka kwao. Mwaka wangu wa kwanza siwezi kuanza kwa kuvunja neno lake. Naomba ujaribu na Pinto.

Jambo moja linanishangaza. Nimemuuliza Justo siku ya kulitoa suke ilikuwaje, na amenijibu kwa maneno mawili. Justo! Anaumwa?

Edurne


Kijito Baridi
5 Agosti 1971

Edurne,

Justo haumwi. Mtu akinyamaza mara moja katika maisha yake mwacheni apumzike.

Pinto nimemjaribu. Ana macho mawili na yote anayatumia kutazama panya wa mawe. Juzi kundi liligawanyika pande tatu, nami nikakimbia nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Pinto ameketi akinishangilia. Usiku mmoja mbwamwitu walichukua mwanakondoo pembeni kabisa ya kambi. Miguu yangu inaweza wiki moja zaidi, labda mbili. Baada ya hapo utalazimika kuja na lile gari lako, na hao wa foleni ya posta watapata jibu wanalolitaka.

Sasa nisikilize, maana nakusihi kama mfanyakazi na pia kama Ami yako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Otso alipofuka, hakuna aliyemfundisha upya. Alirudishwa kazini kidonda hakijakauka, naye hajui kama dunia bado ina upande wa kushoto. Beltza si Otso. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba anageuza shingo kabla ya kugeuka mwili. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mbwa huyo ameshaanza kujifundisha kazi jikoni kwako, na wewe unamwangalia huku unaniandikia habari za kanuni.

Mtoe nje asubuhi. Mfunge kamba ndefu. Mpeleke kwenye wale majike wapya ulionunua na mzungushe daima akianzia kushoto kwako, mviringo wote, ili jicho zima liwe upande wa kundi. Akizoea, mzungushe akianzia kulia kwako. Hapo kundi litakuwa upande asioona, na wewe uwe katikati, uzungumze naye asikie ulipo. Asipoweza, niandikie hawezi, nami nitaamini kwa kuwa umeandika wewe.

Mkate naendelea kuoka. Kipande cha kwanza nampa Pinto kwa kuwa ndiyo desturi, lakini simtazami akila.

Eulogio


Gooding
13 Agosti 1971

Ami Eulogio,

Nakuandikia kabla sijanawa mikono, kwa hiyo samehe alama kwenye karatasi.

Nimemfundisha Beltza kila asubuhi kama ulivyosema. Kwenda kushoto alifanya tangu siku ya kwanza. Kwenda kulia aliwapoteza majike mara nyingi, akasimama na kulia kwa hasira, akaanza upya. Sikumlazimisha, yeye ndiye aliyenivuta kamba. Sasa anakwenda pande zote mbili. Kwa kulia anahitaji mtu upande wake asioona wa kuzungumza naye, lakini anakwenda.

Leo tulikuwa tunawakata wale majike alama za masikioni. Mzee Anselmo, yule mchungaji wa zamani wa baba, alikuja kusaidia. Nilimshika jike wa kwanza uso kwa uso, nikaweka koleo kwenye sikio lililokuwa upande wangu wa kulia. Anselmo aliushika mkono wangu akasema, "Unakata sikio la nani, binti? La kulia la kondoo, si la kulia kwako. Simama nyuma yake ndipo ukate."

Baba alinifundisha hivyo nikiwa mtoto. Nilikuwa nimekaa Boise muda mrefu. Nimesimama na koleo mkononi na watu wananiangalia, na nisingeweza kuwaambia ninachokiona, maana nilikuwa naiona meza ya jikoni mwezi wa sita, na mimi nimekaa na mkasi na zile tyubu. Nimezisimamisha vifuniko chini, zile pembe mbili za juu zikiwa masikio, maandishi ndiyo uso, na uso unanitazama. Na nimekata sikio la kulia. La kulia kwangu.

Nimeingia ndani nikaitafuta tyubu ya mwisho ya dawa ya jeraha aliyoikata baba mwenyewe, bado iko kwenye droo na kamba na misumari. Imekatwa upande wa pili.

Hukuwa na haraka, Ami. Mikono yako haikuwa na matope. Ulichukua tyubu ile niliyokuambia uichukue, ukaifuata alama yangu kama ulivyofuata za baba miaka yote. Ulipotaka nyingine ukaniomba ya sikio la kulia, nami nikasoma bila kushtuka. Justo alikusomea Kiingereza cha kwenye tyubu siku ile, ndipo mkajua wote wawili. Ukasema ni wewe. Ukazichoma nisizione. Ukamfunga mdomo Justo, jambo ambalo mama yake hakuliweza.

Kwa nini? Hapana, usijibu. Najua kwa nini, na nimelia kwa ajili yake zizini mbele ya watu, na Anselmo amedhani ni vumbi.

Basi sikiliza nilivyoamua. Jicho la Beltza nimelitoa mimi, si mwiba na si wewe. Kwa hiyo siwezi kumwekea kanuni inayomlipisha kosa langu. Kanuni ya baba kuanzia leo inasema hivi: mbwa wa jicho moja hapandi mlimani peke yake. Anapanda na mtu wa kusimama upande wake usioona. Ijumaa ijayo Justo anapandisha posho, na nyuma ya nyumbu tutakuwa mimi na Beltza. Anselmo atashika shamba mpaka kundi lishuke. Wale wa foleni ya posta wakiniulizia, waambiwe niko juu na kundi.

Nitaleta tyubu mpya, na safari hii nitazikata kwa alama za baba.

Edurne


Kijito Baridi
15 Agosti 1971

Edurne,

Namtuma Justo arudi mbio ili barua hii ikukute kabla hujafunga sanduku.

Lete maharage meupe. Lete blanketi lako mwenyewe, langu sigawani na mtu. Lete viatu vya kweli, si vile vya Boise. Pinto atashuka na Justo, akatazame panya wa tambarare.

Mengine uliyoandika nimeyasikia. Justo amesoma kwa sauti mara moja, na mara ya pili nimemwambia anyamaze nikaishika tu karatasi.

Tyubu usizikate kwa alama za Balbino. Balbino ana kaburi lake na mimi nina viatu vyake, inatosha. Kundi ni lako sasa. Kata sikio lile unaloliona wewe ukiwa umekaa mezani kwako, kisha ukifika hapa uketi nami unionyeshe uso ni upi. Nitajifunza.

Mkate nitauoka Jumapili asubuhi. Sitaukata mpaka mfike.

Ami yako,
Eulogio